Viatu vimemeng'enyuka ndani ya boksi, mlango umeota malengelenge kivulini: muuaji ni jua au unyevu?

#1 Kinyonga Mkavu

Wakuu, habari zenu. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Miaka yote nimeamini adui wa plastiki na rangi ni jua, basi. Kiti cha plastiki kikisahauliwa nje kinapauka, kinatoa unga juu, halafu siku moja mtu mzima anakaa, mguu wa kiti unakatika na yeye yuko chini. Hilo halina ubishi. Lakini mwezi huu yamenikuta mambo matatu yaliyonifanya nianze kulionea jua huruma.

La kwanza ni viatu. Nilivivaa mara mbili, nikavirudisha kwenye boksi lake, vikakaa kabatini miaka kama saba. Juzi nimevitoa, havina hata mkwaruzo. Hatua kumi tu soli zikaanza kumeng'enyuka, nikawa naacha makombo meusi nyuma yangu.

La pili ni tochi. Mpini wake ulikuwa na ule utando laini unaofanana na mpira. Imekaa kwenye droo. Sasa ukiishika inanata kama imepakwa gundi.

La tatu ndilo linaloniuma. Nina mlango wa chuma. Upande wa nje unapigwa na jua kutwa nzima: rangi imepauka, ukipitisha kidole unapata unga mweupe, lakini imeshika. Upande wa ndani unatazama bafu na jua haulijui. Huko ndiko rangi imeota malengelenge, mengine ukubwa wa punje ya mtama, mengine ukubwa wa kitufe cha shati.

Sasa nani muuaji?

#2 Jua Ndiye Mchawi

Mkuu, jina langu linatosha, usihangaike kutafuta mchawi mwingine.

Mionzi ya urujuanimno ya jua ina nguvu ya kukata vifungo vya molekuli. Ikishirikiana na oksijeni, ule mnyororo mrefu unaoifanya plastiki iwe plastiki unakatwa vipande vifupi, na plastiki yenye minyororo mifupi haina tofauti na biskuti. Kiti chako kwa vyovyote ni cha polipropilini, na hiyo ndiyo dhaifu kuliko wengi kwa sababu kwenye mnyororo wake kuna hidrojeni zilizoshikwa kilegevu. Ndiyo maana mabomba ya maji ya polithini yanawekwa kaboni nyeusi asilimia 2 hivi. Ule weusi si urembo, ni mwavuli.

Maji hayaiwezi plastiki. Yangeiweza tusingehifadhia maji kwenye matangi ya plastiki.

#3 Tochi Mbovu

Nimewahi leo. Natandika mkeka hapa mbele, wataalamu endeleeni.

#4 Bibi Polima

Jua Ndiye Mchawi, sentensi zako za mwanzo ni sahihi, ya mwisho ndiyo umeteleza. Umetaja polithini na polipropilini ukahukumu ukoo mzima. Hizo mbili kweli hazitaki maji kabisa, zinanyonya chini ya sehemu moja kwa elfu ya uzito wake. Plastiki nyingine zinakunywa.

Nailoni ndiyo mlevi wa familia. Nailoni 66 ikiwa kwenye hewa ya kawaida yenye unyevu wa asilimia 50 inabeba maji karibu asilimia 2.5 ya uzito wake. Ukiitumbukiza kwenye maji mpaka ishibe inafika asilimia 8 hivi. Nailoni 6 inazidi hapo kidogo. Na maji hayo hayakai kwenye vitundu kama kwenye sponji. Yanaingia katikati ya minyororo na kuachanisha mahali inaposhikana yenyewe kwa yenyewe. Minyororo ikipata nafasi ya kuteleza, plastiki inalainika: ugumu wake unaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo, lakini ushupavu unapanda, haivunjiki ovyo.

Kwa hiyo maji si lazima yawe muuaji. Kwa nailoni kavu maji ni dawa.

#5 Mpiga Chapa 3D

Bibi Polima #4 naunga mkono kwa ushahidi wa macho. Mimi nachapisha vitu kwa mashine ya 3D, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka kwa tabaka. Uzi wa nailoni ukiachwa wazi siku mbili tatu kwenye hewa yenye unyevu, ukiuweka mashineni unasikia *pa! pa! pa!* mdomoni mwa pua ya mashine. Ni maji yanayogeuka mvuke. Kazi inatoka na vinyweleo na uso wa mabaka. Nikiukausha kwenye nyuzi 70 hadi 80 kwa saa kumi na mbili, kimya, kazi safi.

Na zile tai za plastiki za kufungia nyaya, nyingi ni nailoni. Zikikaa sehemu kavu sana muda mrefu, ukivuta tu inakatika. Ndiyo maana zinauzwa kwenye mfuko uliofungwa. Watu wanadhani ni kuzuia unyevu usiingie. Ni kuzuia usitoke!

#6 Tochi Mbovu

Kwa hiyo nikinunua tai za nyaya nizinyweshe maji kwanza? Humu ndani nitasikia mengi.

#7 Fundi Sindano

Tochi Mbovu cheka tu, lakini ndivyo tunavyofanya kiwandani. Mimi niko kwenye mashine za kudunga plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, yaani umbo linaloipa sura, mwaka wa kumi na nne huu. Vipande vya nailoni vikitoka kwenye kalibu vimekauka kabisa, ukikidondosha kinapasuka. Tunavitumbukiza kwenye maji ya moto, au tunaviweka kwenye mifuko yenye maji kidogo, mpaka vinywe kiasi chake. Na vikinywa vinakua. Kipande cha sentimita 10 kinaweza kuongezeka zaidi ya nusu milimita hata kabla hakijashiba. Niliwahi kupima gia ikiwa bado kavu, nikaipitisha, mteja akairudisha wiki ya pili inasugua ukuta wa boksi lake. Makosa yangu, si ya mashine.

Cha ajabu kabla ya kuingia mashineni hadithi inageuka. Chembechembe lazima ziwe kavu. Polikaboneti tunaikausha kwenye nyuzi 120 saa tatu hadi nne, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02. PET, ile ya chupa, inatakiwa chini ya asilimia 0.005. Ukipitisha yenye maji, kwenye lile joto maji yanakata minyororo kama shoka. Kipande kinatoka kizuri machoni, pengine kina mistari ya fedha fedha, lakini nguvu hakina.

Kwa hiyo maji yaleyale: kabla ya moto ni sumu, baada ya moto ni lishe.

#8 Jua Ndiye Mchawi

Sawa, nimefuta kauli ya matangi. Lakini angalieni mlivyohama. Sindano anazungumzia nyuzi 280 za mashine. Mada ni hali ya hewa. Nitajieni plastiki moja iliyokufa kwa unyevu tu, bila moto na bila jua, kabatini. Mkiitaja nabadilisha jina.

#9 Bibi Polima

Andaa jina jipya, kaka. Soma tena #1, viatu.

Soli nyingi nyepesi zenye povu ni za poliyurethani, na mara nyingi ni ile aina ya poliesta. Kifungo cha esta, kinachoushikilia mnyororo wake, kinatengenezwa kwa kutoa maji, na maji yakirudi yanakifungua. Yanarudi taratibu kutoka hewani, hata gizani, hata ndani ya boksi. Kibaya zaidi, kila kifungo kinachofunguka kinazaa asidi, na asidi inaharakisha kifungo cha pili. Ndiyo maana miaka sita huoni kitu, halafu wa saba vinaanguka kwa mkupuo. Haikuwa ghafla. Ilikuwa inajijenga.

Utando wa tochi ni ukoo huohuo: rangi laini ya poliyurethani. Minyororo ikikatika inageuka kuwa kitu cha kunata kabla haijawa unga.

Kuna aina ya pili, ya polietha, ambayo inavumilia maji vizuri zaidi. Lakini (furahi kidogo) yenyewe inaliogopa jua na oksijeni kuliko ya poliesta.

#10 Utando Hewa *(zamani Jua Ndiye Mchawi)*

Ahadi ni deni. Nimebadilisha. Ila sijakubali kuhusu mlango.

#11 Tochi Mbovu

😂😂 Uzi wa mwaka huu. Bibi, basi nami niulize: hii tochi inayonata, jina langu mnaliona, dawa yake nini? Nilisafisha yangu kwa kimiminika cha kufutia rangi ya kucha. Kunata kuliisha. Na mpini nao ukaisha.

#12 Mpiga Chapa 3D

Hiyo ni asetoni, mzee! Asetoni inayeyusha plastiki ya ABS na kuiharibu polikaboneti. Tumia spiriti ya kusafishia, ile ya isopropili, na kitambaa, kwa subira. Utando wote utatoka, ubaki na plastiki tupu ya chini. Hairudi kuwa laini, lakini angalau unaishika.

#13 Soli Ngumu

Mimi napinga kidogo kuhusu viatu. Nina viatu vya kazi, vya aina hiyohiyo, navivaa karibu kila siku mwaka wa tisa huu, mvua na matope. Soli nzima. Ndugu yangu alinunua siku moja na mimi, akavitunza, vyake vimekufa kabatini. Kama ni maji, vyangu vingetangulia. Wazee wanasema kiatu kinataka kukanyagwa, ukikikanyaga povu linapumua na unyevu unatoka.

#14 Bibi Polima

Soli Ngumu, inawezekana. Inawezekana pia kwamba boksi lililofungwa linatunza unyevu na ile asidi palepale, wakati chako kinakauka kila jioni. Inawezekana vilevile soli zako ni za polietha na za ndugu yako ni za poliesta, kwa sababu toleo likibadilika jina linabaki lilelile. Bila maabara siwezi kukuchagulia. Hili la kukanyaga nalisikia sana, lakini kusikia sana si kupima.

#15 Kinyonga Mkavu

Nashukuru, viatu nimezika. Turudi mlangoni. Nani anajua malengelenge?

#16 Mzee wa Msasa

Mimi brashi nimeishika kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kijana, jibu haya bila aibu:

Rangi gani? Chini uliweka praima? Ulisafisha na nini kabla ya kupaka? Ulipaka saa ngapi, na kati ya mkono wa kwanza wa rangi na wa pili ulisubiri muda gani? Hali ya hewa ilikuwaje siku ile?

#17 Kinyonga Mkavu

Shikamoo mzee. Rangi ya mafuta. Praima ya kuzuia kutu mkono mmoja. Nilipiga msasa, nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, mdogo wangu akanisaidia. Mvua ilikuwa imekatika mchana, nikaanza saa kumi na moja jioni ili kukwepa jua. Mkono wa pili niliweka baada ya saa tatu hivi, maana nilitaka kumaliza siku hiyohiyo. Rangi ilikuwa nzito, nikaongeza tina ya kutosha.

#18 Mzee wa Msasa

Marahaba. Mwanangu, hapo kila ulichokitaja ni kosa. Sijui nianze na lipi.

#19 Umande wa Alfajiri

Mzee nipokee hapo kwenye saa kumi na moja jioni. Kazi yangu ni kukagua rangi za vyuma, na kesi nyingi ninazozikuta zinaanzia hapo.

Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26. Watu wanapima hewa, wanasema joto lipo, wanapaka. Wanasahau kupima chuma. Jua likizama na anga likiwa halina mawingu, chuma kinapoteza joto kuelekea angani haraka kuliko hewa inayokizunguka, kinashuka chini yake. Kanuni ya kazini ni kwamba chuma kiwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau, yaani kwa mfano wangu nyuzi 29, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Wewe ulipaka mkono wa pili karibu saa mbili usiku, baada ya mvua. Naweza kuapa ulipaka juu ya maji usiyoyaona. Filamu ya maji nyembamba hivyo macho hayaioni, brashi haiisikii.

Maelezo yangu: umande kati ya mikono miwili ya rangi.

#20 Utando Hewa

Kama ni umande mbona upande wa nje haukuota? Umepakwa siku ileile, na nje ndiko kunakopoa zaidi usiku.

#21 Umande wa Alfajiri

Swali zuri. Kinyonga, ulianza upande gani?

#22 Kinyonga Mkavu

Kila mkono nilianza nje, halafu ndani. Ndani mkono wa pili nilimaliza karibu saa nne usiku.

#23 Umande wa Alfajiri

Shahidi wangu huyo.

#24 Kimya Kingi

Ni mara yangu ya kwanza kuandika, husoma tu. Natengeneza boti za nyuzi za kioo. Malengelenge ni mkate wetu, kwa hiyo niseme tunavyoyaona sisi.

Rangi zote zinapitisha mvuke wa maji, hata zile nzuri, ni suala la kasi tu. Mvuke ukipita bila kukuta kitu chini unaingia na kutoka, hakuna shida. Ukikuta kitu kinachoyeyuka kwenye maji, chumvi kidogo tu, unayeyusha na kuwa tone lenye chumvi. Sasa nje kuna maji safi, ndani kuna maji ya chumvi, katikati kuna rangi kama ngozi. Maji yanavutwa kuingia kusawazisha, shinikizo linapanda, rangi inanyanyuka. Ndiyo osmosisi. Kwenye boti tukitoboa lengelenge linatoka tone lenye harufu kali, ni mabaki ya rezini, ile gundi inayoshika nyuzi, yaliyoyeyuka.

Kitambaa kibichi ulichofutia kilikuwa cha maji gani? Na mliushika mlango kwa mikono mitupu baada ya msasa? Jasho ni chumvi.

#25 Mzee wa Msasa

Kimya Kingi, usinyamaze tena. Zamani tulikuwa tunapigwa vijembe na msimamizi tukigusa chuma kilichosafishwa bila glavu. Nilidhani ni ukali tu.

#26 Bibi Polima

Nakubali njia ya Kimya Kingi #24, ila kinachovuta maji si lazima kiwe chumvi. Tina iliyobaki ndani nayo inavuta, kama ni ya aina inayochanganyika na maji. Mkono wa pili juu ya wa kwanza ambao bado mbichi unafungia tina chini.

Hapa jina linatuponza. Ile ya kuchanganyia rangi ya mafuta kwa kawaida haichanganyiki na maji, kwa hiyo haitavuta maji kwa njia hii. Itachelewesha tu kukauka. Ile ya kupulizia, yenye harufu kali na inayokauka haraka, ina alkoholi na ndugu zake, na hizo zinapenda maji. Ulitumia ipi?

#27 Kinyonga Mkavu

Kopo limeandikwa TINA.

#28 Tochi Mbovu

Kesi imefungwa 😂

#29 Fundi Vanishi

Ile ya kupulizia naijua ubaya wake. Siku ya unyevu ukipuliza vanishi ya selulosi, tina inaruka haraka mno, inapoza uso wa ubao, unyevu wa hewani unatua kama umande juu yake, na vanishi inageuka ukungu mweupe mbele ya macho yako. Wapya wanadhani ubao umeoza. Ukiongeza kidogo tina inayokauka polepole na kupuliza tena juu, mara nyingi ukungu unaondoka.

Na epoksi nayo siku za hivyo inatoa utando kama nta juu, hadina yake (kile kinachochanganywa ili igande) inakula unyevu na kabonidioksidi ya hewani. Usipouosha kwa maji kabla ya mkono unaofuata, rangi inayofuata inabanduka kama ganda.

#30 Mpiga Chapa 3D

Halafu kuna zinazoomba maji. Supaglu inakauka kwa unyevu wa hewani, silikoni ya kuzibia nyufa vilevile. Ukiwa mahali pakavu kabisa unakaa unaisubiri tu.

#31 Umande wa Alfajiri

Na ile praima ya zinki yenye silikati, hewa ikiwa kavu tunairushia maji ili ikomae. Mara ya kwanza kuona mtu anamwagia rangi mpya maji nilitaka kumsimamisha kazi. Lakini rangi ya poliyurethani ya vifungashio viwili, inayochanganywa kutoka makopo mawili, ikipata maji ikiwa mbichi, hadina inaacha kushughulika na rangi, inashughulika na maji, inatoa gesi. Unapata vitundu kama vya sponji. Kwa hiyo usikariri, soma kopo. Kama kopo lina zaidi ya neno moja.

#32 Utando Hewa

Mmesahau nje kumetoa unga na mnalala usingizi. Nirudi kwenye jua langu. Upande wa nje haukuota malengelenge, lakini rangi imekufa: mionzi imekula gundi ya rangi, zimebaki chembe za rangi zimelala juu. Huo ndio unga. Kwa hiyo jua moja, unyevu moja. Sare.

#33 Bibi Polima

Sare siitoi. Ule weupe wa ndani ya rangi, titani dioksidi, ukipigwa na mionzi huku kuna maji na oksijeni unazaa chembe kali zinazokula gundi ya rangi iliyo jirani. Viwanda huzifunika chembe hizo utando kuzituliza, na ipo aina, rutaili, iliyo mpole kuliko ile nyingine, anatazi. Ila maji ni mshirika. Ndiyo maana wanaopima uimara wa rangi hawatosheki na mahali pamoja: wanaweka vipande Florida Kusini, kwenye jua na unyevu, na vingine Arizona, kwenye jua na ukavu, na matokeo hayafanani. Hata mashine za kuzeesha rangi maabara haziwashi taa tu. Mzunguko mmoja unaotumika sana ni saa 8 za mionzi kwenye nyuzi 60, kisha saa 4 za umande kwenye nyuzi 50. Jua peke yake ni mchawi asiye na tunguli.

#34 Utando Hewa

Mama, umenichoma kwa upole.

#35 Soli Ngumu

Hali ya hewa iliwahi hata kuangusha chombo cha angani, Challenger, Januari 1986. Pete ya mpira.

#36 Fundi Sindano

Ile ilikuwa baridi, si unyevu. Mpira ulikakamaa, ukashindwa kujaza nafasi kwa wakati. Mwanafizikia Feynman alionyesha kwa glasi ya maji ya barafu. Tusichanganye mafaili.

#37 Nyuma ya Pazia

Mnamlaumu mpakaji, ila mimi naona mlango wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani kuna bafu: joto, mvuke kila asubuhi. Nje usiku chuma kimepoa. Rangi ya ndani ina upande mmoja wenye joto na mvuke, na nyuma yake chuma baridi. Mvuke unasukumwa kutoka penye joto kwenda penye baridi, unapenya rangi, unafika kwenye chuma na kuwa maji. Wanaopaka ndani ya matangi ya maji ya moto wanaijua hiyo. Hata angepaka malaika saa nne asubuhi kwa glavu, ule upande ungeota tu, labda ungechelewa.

#38 Mzee wa Msasa

Ungechelewa miaka kumi, ndugu. Nimepaka milango ya bafu mingi, iliyopakwa vizuri haioti.

#39 Nyuma ya Pazia

Ya chuma au ya mbao, mzee?

#40 Mzee wa Msasa

Mingi ya mbao. Nimekusikia.

#41 Kimya Kingi

Kinyonga, acha tubishane, wewe kaangalie. Mambo mawili. Angalia mpangilio: yametapakaa ovyo, yamefuata mistari ya brashi, au yamekusanyika mahali? Halafu toboa machache kwa sindano. Penye maji, nusa. Pasipo na maji, sema.

#42 Bibi Polima

Ukipata karatasi ya kupimia asidi, gusisha kwenye tone. Likiwa na ubesi (kinyume cha asidi), kutu imeshaanza kazi chini kwa chini hata kama hujaiona, maana sehemu moja ya chuma ikiliwa sehemu ya pili inazalisha ubesi unaobandua rangi. Na tafadhali usionje. Najua kuna mtu atashauri aonje.

#43 Tochi Mbovu

Nilikuwa nimeshaandika, nimefuta.

#44 Kinyonga Mkavu

Nimerudi. Nimetoboa matano.

Matatu yametoa maji meupe. Moja lilikuwa kavu kabisa, hewa tupu. Moja limetoa maji yenye rangi ya kutu kidogo. Karatasi ya kupimia sina. Harufu sijasikia yoyote, nina mafua tangu juzi. Nimemwita mke wangu, anasema inanuka tina. Nimemwita mdogo wangu, anasema inanuka chuma. Wamebishana mlangoni mpaka nikawaacha.

Mpangilio: mengi yamekusanyika usawa wa kifua, na chini kabisa karibu na sakafu kuna mstari mwingine. Katikati pako safi.

#45 Umande wa Alfajiri

Lile kavu halinisaidii mimi wala Kimya Kingi. Hilo linaelekea kwa Bibi, tina iliyofungiwa.

#46 Nyuma ya Pazia

Mstari wa chini ni maji ya bafu yanarukia. Wangu huo.

#47 Kimya Kingi

Usawa wa kifua ndipo mtu anaposukuma mlango. Kinyonga, weka kiganja chako juu ya hilo kundi la malengelenge. Vidole vinalingana?

#48 Mzee wa Msasa

Vyovyote itakavyokuwa, utakwangua mpaka chuma. Hakuna kupaka juu ya lengelenge. Ukimaliza osha kwa maji safi mengi, kausha, usiguse, na saa kumi na moja jioni uwe umeshafunika kopo.

#49 Kinyonga Mkavu

Nimeweka kiganja. Alama ya vidole vinne inaonekana wazi kabisa, nimeshangaa. Lakini si mkono wangu, ni mdogo zaidi.

Naenda kumwita tena mdogo wangu.